Nyumba mpya Tabora: kiyoyozi kimoja cha nyumba nzima, au AC ya kila chumba?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Tunajenga nyumba ya kuishi Ipuli, Tabora mjini. Ni nyumba ya chini, kama mita za mraba 180: vyumba vinne vya kulala, sebule iliyoungana na sehemu ya kulia, jiko na stoo. Tumeshapaua kwa bati, plasta ya ndani inaendelea, dari bado. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam anatushauri tufunge kiyoyozi cha pamoja cha tani 5: mashine moja, mabomba ya hewa yapite juu ya dari, kila chumba kiwe na tundu lake. Anasema itakuwa nafuu kuliko kununua AC tano. Fundi wetu wa umeme hakubaliani naye. Tuna watoto wawili, na mama mkwe anaishi nasi, hapendi baridi. Tumfuate nani? Na kama ni cha pamoja, tani 5 zinatosha?

Jibu: Dada, mfuateni fundi wa umeme. Kwa nyumba ya chini yenye bati, Tabora, ambayo watu wake hawakai vyumba vyote kwa wakati mmoja, mfumo wa pamoja wenye mabomba juu ya dari ni chaguo la mwisho. Wekeni spliti za inveta (AC za ukutani za chumba kimoja kimoja, ambazo kompresa yake huongeza na kupunguza kasi yenyewe) kwenye vyumba vinavyohitaji, na sebuleni mkipenda wekeni mashine ndogo ya kufichwa darini. Lakini kabla ya mashine yoyote kuna kazi ya dari, na kwa bahati nzuri mmeuliza kabla dari haijafungwa.

Nianze na hizo tani 5, maana hesabu yake inaonyesha tatizo lilipo. Tani moja ya ubaridi ni BTU 12,000 kwa saa, sawa na kilowati 3.5 za joto linalotolewa ndani. Tani 5 ni kilowati 17.5. Sasa tazameni juu. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, na Oktoba ndio mwezi wenu wa joto kali, mchana nyuzi 32 hadi 34. Ukuta wa kaskazini na wa kusini haupigwi sana na jua wakati huo. Linalopigwa ni bati. Hewa iliyo kati ya bati na dari ikifika nyuzi 55 alasiri si ajabu. Kama chini ya hapo kuna jipsam tupu na ndani mnataka nyuzi 25, kila mita ya mraba ya dari itapitisha wati 80 hivi. Zidisha kwa mita 180: kilowati 14 na zaidi, yaani tani 4 za joto linaloshuka kutoka darini peke yake. Mashine ya tani 5 itabaki na tani moja ya kushughulikia madirisha, kuta, watu, friji na televisheni. Haitaweza. Itazunguka mchana kutwa bila kufikia nyuzi mlizoiwekea, na muuzaji atakuja kuwaambia mlihitaji tani 8.

Wekeni sufi ya fibaglasi ya unene wa milimita 100 juu ya jipsam hiyo hiyo, na joto linaloshuka linapungua hadi wati 10 hivi kwa mita ya mraba. Dari nzima inapitisha kilowati 1.8, nusu tani. Hakuna mashine sokoni itakayowapa faida ya namna hiyo, na sufi haili umeme, haina kompresa, haihitaji gesi. Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza iende darini hata kama AC mtanunua mwakani.

Sufi inauzwa kwa roli. Nunueni kwa eneo la dari pamoja na asilimia 5 ya kukatia. Inatandazwa juu ya mbao za dari wakati mafundi wanapigilia bodi, roli moja ikigusana na nyingine bila kuacha nafasi, kwa sababu uwazi wa kiganja kati ya roli na roli hupitisha joto jingi kuliko ukubwa wake. Msiikandamize ili ienee: ikibanwa kutoka milimita 100 hadi 50, kinga inashuka karibu nusu. Taa za kuzama darini ziachieni nafasi pande zote na viungio vya waya vikae ndani ya boksi, visifunikwe vikiwa wazi. Wafanyakazi wavae barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu.

Kama fedha ikiruhusu, ongezeni foili ya aluminiamu chini ya papi, zile mbao zinazoshika bati. Nyumba imeshapauliwa, lakini foili inaweza kupigiliwa kutokea ndani, kwenye kenchi (fremu ya mbao ya paa), mradi kuwe na uwazi wa sentimita mbili na nusu au zaidi kati yake na bati. Upande unaong'aa utazame chini. Ukitazama juu, vumbi la Agosti na Septemba litaufunika, na foili yenye vumbi hairudishi joto tena. Halafu acheni hewa ya darini itoke: matundu kwenye pembe za juu za ukuta wa kenchi na chini ya mapaa, yenye wavu wa chuma wa matundu madogo ili popo wasiingie. Popo wakishazoea dari, harufu yake haiondoki kwa AC wala kwa dawa.

Sasa turudi kwenye mfumo wa pamoja wenyewe. Mashine ya ndani hufungwa darini, huvuta hewa ya nyumba kupitia tundu moja kubwa la kurudishia, huipoza na kuisukuma kwenye mabomba ambayo mafundi huyaita dakti. Mfumo huu ni mzuri kwenye ukumbi, benki, hoteli, au jengo la ghorofa ambapo juu ya dari kuna zege na chumba kingine. Kwenye nyumba yenu, dakti zitalala mahali penye joto kuliko pote. Hewa inayotoka kwenye mashine ina nyuzi 13 au 14. Nje ya bomba kuna nyuzi 55. Dakti za nyumba ya ukubwa wenu zinaweza kuwa na uso wa mita za mraba 35. Zikifunikwa kwa sufi ya milimita 25, ambayo ndiyo wengi huleta kwa sababu ni rahisi kubeba, zinaingiza kilowati 1.7 za joto njiani, nusu tani nyingine iliyopotea kabla hewa haijafika chumbani. Kwa milimita 50 hasara inapungua karibu nusu. Hapo sijahesabu hewa inayovuja kwenye maungio. Dakti iliyofungwa kwa tepu ya kawaida ya plastiki hufunguka gundi ikiiva kwa joto la dari, na mkishafunga jipsam hamtajua kwamba mnapoza popo.

Mvua zikianza Novemba linakuja tatizo la pili. Hewa ya darini inakuwa na unyevu, inagusa sehemu ya bomba ambayo sufi yake imechanika au haikufika kwenye kiungo, na maji yanatonya. Mtaona duara la kahawia kwenye jipsam na mtadhani bati linavuja. Fundi wa bati atapanda, atapaka lami, na doa litarudi.

Kosa linalorudiwa kuliko yote kwenye dakti za nyumbani ni msukumo wa hewa. Mashine za kufichwa darini hazilingani. Nyingine zimetengenezwa kusukuma hewa kwa paskali 30 hadi 50 tu, kwa bomba fupi la mita mbili tatu. Nyingine hufika paskali 100 au 150. Ukichukua ya aina ya kwanza kwa sababu ni bei ya chini, ukaifungia dakti laini ya mita 15 yenye kona nne, chumba kilicho karibu kitakuwa baridi ya kutetemesha na chumba cha mwisho kitapata hewa ya kupuliza mshumaa. Muulizeni muuzaji swali moja: msukumo wa nje wa mashine hii ni paskali ngapi, na hesabu yako ya dakti inahitaji ngapi? Asipokuwa na namba zote mbili kwenye karatasi, hana usanifu, ana bidhaa.

Na kuna suala la matumizi, ambalo kwa familia yenu ndilo linalonifanya niseme hapana bila kusita. Saa tatu usiku sebule inaanza kuwa tupu. Siku ya joto kali mnataka ubaridi chumbani kwenu na kwa watoto mpaka saa nane usiku hivi, kisha nje kumeshapoa. Mama mkwe hataki kabisa. Mfumo wa pamoja una rimoti moja na nyuzi moja. Mtu akifunga tundu la chumba chake kwa gazeti, hewa ile inalazimishwa kwenye vyumba vingine, kelele inaongezeka, na hewa ikipungua kupita kiasi koili ya ndani (vibomba vinavyopoza hewa) huganda barafu. Ipo milango ya mota inayogawa kanda ndani ya dakti, lakini inahitaji mashine inayoweza kushusha nguvu yake na fundi anayejua kuipanga. Ikiharibika, kifaa kinaagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800.

Tazameni umeme. Spliti ya inveta ya BTU 9,000 kwenye chumba chenye dari iliyofunikwa itakula wastani wa kilowati 0.45 usiku. Kwa muda wa saa tano ni uniti 2.25. Kwa bei ya T1, kundi la kawaida la wateja wa TANESCO, shilingi 292 kwa uniti, ambayo pamoja na VAT na tozo inafika shilingi 356 hivi, ni kama shilingi 800 kwa usiku kwa chumba. Vyumba viwili ni shilingi 1,600. Mashine ya tani 5 ikifanya kazi ya vyumba hivyo viwili huku inapoza nyumba nzima itakula uniti 12 kwa saa hizo hizo, zaidi ya shilingi 4,200. Msitegemee kubaki D1, kundi la bei nafuu la watumiaji wadogo, kwa nyumba yenye AC; uniti 75 kwa mwezi hazitatosha.

Tena, mashine hiyo ya tani 5 kama si ya inveta na ni ya fezi moja, kompresa ikiwaka huvuta kwa sekunde moja mara nne hadi sita ya ampea zake za kawaida. Mtaa ulio mwisho wa laini, saa moja jioni watu wakipika na kupiga pasi, volti zinashuka, kompresa inashindwa kuzunguka, inapata joto, inajizima, inajaribu tena. Hivyo ndivyo kompresa zinavyoungua. Mashine nne ndogo za inveta huanza polepole, na hata zikiwaka zote kwa nguvu kamili hazitazidi kilowati 5 hivi. Na moja ikifa, tatu zinabaki.

Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri pia ile ya mashine moja ya nje yenye vichwa vinne au vitano vya ndani. Inapendeza ukutani, lakini kadi moja ya umeme ikiungua kwa radi, nyumba nzima inakosa ubaridi mpaka kadi ifike.

Ukubwa wa mashine msiupange kwa kuzidisha mita za mraba kwa namba ya kukariri. Chukueni chumba chenu kikubwa, tuseme kina mita 4 kwa 4.5, dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 upande wa magharibi, ukuta wa tofali za inchi 6. Alasiri ya Oktoba dirisha hilo la kioo cheupe bila kivuli huingiza kama BTU 2,400. Kuta mbili za nje BTU 2,000. Watu wawili 750. Taa na televisheni 500. Hewa inayopenya 500. Dari iliyofunikwa 600. Jumla ni BTU 6,750. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni ile ile inabeba joto pungufu. Ongezeni asilimia 15 mpate 7,800. Mashine ya BTU 9,000 inatosha na chenji inabaki. Dari hiyo hiyo ikiwa tupu, badala ya 600 andikeni 4,850: jumla inapanda hadi 11,000, na ukiongeza asilimia 15 unapita 12,000. Hapo mtanunua ya 18,000 kwa chumba cha kulala, mashine ambayo usiku, joto likishapungua, itakuwa kubwa mno: inapoza hewa haraka, inajizima kabla haijakausha unyevu, inawaka tena. Wakati wa masika mtalala kwenye chumba baridi chenye shuka nyevunyevu.

Kivuli juu ya dirisha lile la magharibi, awe ni mwembe au kibaraza cha bati kinachotokeza mita moja, kinapunguza zaidi ya nusu ya zile 2,400. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, maana joto limeshaingia. Na vile vitundu vya hewa mnavyojenga juu ya madirisha, zibeni kwenye vyumba vitakavyokuwa na AC. Jikoni viacheni.

Kwa nyumba yenu ningepanga hivi: chumba chenu 9,000, vyumba viwili vya watoto 9,000 kila kimoja au 7,000 mkiipata, sebule na sehemu ya kulia 18,000 kama jiko lina mlango, 24,000 kama liko wazi. Chumba cha mama mkwe wekeni panga boi la inchi 56 na bomba la AC la akiba ukutani. Kwa hakika panga boi wekeni vyumba vyote. Usiku wa Tabora hata Oktoba hushuka hadi nyuzi 19 au 20; ikifika saa nne au saa tano usiku, dirisha lenye wavu wa mbu likafunguliwa na panga boi likazunguka kwa wati 70, siku nyingi AC haina kazi. Tatizo ni zile saa za kati, kuanzia saa kumi alasiri hadi saa nne usiku, wakati tofali zinatoa joto zililonyonya mchana. (Anayejenga Kigoma karibu na ziwa asichukue hesabu ya usiku kama ilivyo: kule unyevu ni mwingi zaidi na dirisha la wazi halisaidii kiasi hicho.)

Watu huuliza pia kuhusu vile vipoza hewa vya maji. Septemba na Oktoba hewa ya Tabora ni kavu na vinafanya kazi, dirisha likiwa wazi. Mvua ikianza vinakuwa feni ya kumwagia unyevu.

Kama moyo unataka sebule isiyo na mashine ukutani, fungeni ya kufichwa darini kwa ajili ya sebule peke yake: BTU 24,000, inveta, msukumo wa paskali 50 au zaidi, dakti zisizozidi mita 4 kila moja. Inahitaji hewa ya lita 380 kwa sekunde. Igaweni kwenye matundu manne, kila moja kwa bomba la inchi 8, limefunikwa milimita 50, limenyooshwa, halijalazwa likining'inia kama utumbo kati ya kenchi. Tundu la kurudishia hewa liwe sentimita 50 kwa 50 angalau. Hapa ndipo mafundi hubana, wakiweka dogo ili lisionekane, na mashine inavuma usiku kucha. Liwe na filta inayotoka bila bisibisi, kwa sababu kwa vumbi lenu itaoshwa kila wiki mbili kiangazi. Chini ya mashine kuwe na sinia ya pili ya maji yenye swichi ya kuelea inayozima mashine maji yakipanda, na mlango wa dari wa sentimita 60 kwa 60 mahali fundi anapoweza kuifikia. Bila mlango huo, matengenezo ya kwanza yataanza kwa kuvunja jipsam.

Kwa spliti, kazi ya sasa, kabla ya plasta kukamilika, ni mabomba. Shaba ya robo inchi na tatu kwa nane kwa 9,000. Robo na nusu inchi kwa 18,000. Kwa 24,000 ile nene huwa tano kwa nane, lakini someni kibao cha mashine mnayoinunua kwanza. Kwa hiyo chagueni mashine kabla ya kuzika bomba. Unene wa ukuta wa shaba usipungue milimita 0.8, na 1.0 kwa tano kwa nane. Iko shaba laini ya bei poa ambayo fundi akiipanua mdomo inapasuka ufa usioonekana, na gesi inaisha baada ya miezi michache. Kila bomba livalishwe sponji yake, si yote mawili ndani ya sponji moja. Kusiwe na kiungo chochote ndani ya ukuta. Miisho ibanwe na kuchomelewa siku hiyo hiyo; bomba lililoachwa wazi wiki mbili kwenye nyumba inayopigwa plasta limeshajaa vumbi na unyevu, na vitu hivyo vitaishia kwenye kompresa.

Bomba la maji machafu ya AC liwe la PVC la milimita 25, lishuke sentimita moja kwa kila mita, lisipande popote hata kidogo. Limwagieni lita mbili za maji kabla ya kuziba ukuta na mhesabu kama zote zimetoka nje. Msiliunganishe moja kwa moja na bomba la choo. Harufu itarudi kwa njia hiyo hiyo. Yaelekezeni bustanini.

Umeme: kila AC na waya wake kutoka kwenye bodi. Milimita 2.5 na breka ya ampea 16 kwa 9,000, milimita 4 na breka ya ampea 20 au 25 kwa 18,000 na 24,000. Wekeni kinga ya volti inayochelewesha kuwaka kwa dakika tatu hadi tano umeme ukirudi, na kinga ya radi kwenye bodi kuu, na athi iliyopimwa, si nondo iliyochomekwa tu kwenye mchanga mkavu.

Mashine za nje zikae upande wa kusini au wa mashariki, juu ya ardhi angalau sentimita 30 ili vumbi na matope ya mvua visirukie koili. Nyuma sentimita 30, mbele sentimita 70 au zaidi. Msiziweke kwenye uchochoro kati ya nyumba na ukuta wa uzio wenye upana wa nusu mita: zitavuta hewa moto zinayoitoa zenyewe. Grili ya kuzuia wezi iwe ya nondo zenye nafasi kubwa, isiwe ya bati la matundu. Chini ya mwembe kivuli ni kizuri lakini majani na maua huziba koili. Sogezeni mita chache.

Gesi ulizeni R32 au R410A. Msikubali R22 hata ikiuzwa nusu bei. Chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zetu zinatakiwa kuiacha ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo, na mtakuwa na mashine ambayo gesi yake inaadimika kila mwaka. R32 inaweza kushika moto kwa shida kidogo, hivyo fundi asichomelee bomba lenye gesi ndani.

Siku ya kufunga, simameni na fundi mambo matatu. La kwanza, ajaze naitrojeni kwenye mabomba na aiache nusu saa huku geji haishuki. Asitumie oksijeni ya kuchomelea kwa kazi hiyo kamwe; oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. La pili, avute vakyumu, yaani anyonye hewa na unyevu wote mabombani kwa pampu, mpaka geji ya kidijitali isome maikroni 500 (kipimo cha vakyumu) au chini yake, kisha afunge valvu na kuangalia kama inapanda. Mafundi wengi huruka hatua hii na "kupuliza" bomba kwa gesi ya mashine yenyewe kwa sekunde chache. Hewa hutoka, unyevu hubaki. Unyevu ukichanganyika na mafuta ya kompresa hutengeneza asidi inayokula waya za mota taratibu, na mashine hufa mwaka wa pili au wa tatu, wakati hakuna anayekumbuka ilivyofungwa. Fundi asiye na pampu ya vakyumu asiguse mashine yenu. La tatu, kama bomba ni refu kuliko urefu ambao gesi ya kiwandani imehesabiwa, mara nyingi mita 5 hadi 7.5, aongeze gesi kwa mizani, gramu kwa mita kama kibao kinavyosema, si kwa kukisia kwa mkono.

Baada ya dakika 20 mashine ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zote, pimeni kwa kipimajoto hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti iwe nyuzi 8 hadi 12. Ikiwa chini ya hapo, msimalizie malipo mpaka sababu ipatikane. Mwambieni fundi aandike siku hiyo namba ya geji, uzito wa gesi aliyoongeza na ampea mashine ilizovuta, karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa bodi ya umeme. Fundi atakayekuja baada ya miaka minne, akikuta namba hizo, atajua kama gesi imepungua au koili imeziba vumbi, badala ya kuanza kwa kuwauzia gesi.